Sifa ya Kidole Kinachosubiri

Malori ya kwenda Zambia na Kongo yakizidi Tunduma, foleni hurudi nyuma hadi Mpemba. Huko utakuta matingo wamelala chini ya matela, ugali unasongwa kando ya tairi, shati limeanikwa kwenye kioo cha pembeni. Oktoba 2019 kilizinduliwa kituo cha huduma za pamoja mpakani, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Siku chache kabla ya hapo, tarehe mosi ya mwezi uleule, ilikuwa imetoka gemu ya vita ya kwenye simu, Call of Duty: Mobile. Kituo kilikuja kupunguza foleni. Gemu ikawafuata waliobaki kwenye foleni.

Huko ndiko nilikoiona mara ya kwanza. Utingo wa lori la mbolea alikuwa amekalia tairi la akiba, simu ameilaza, vidole gumba vikitembea kama vya mtu anayechambua mchele. Nikasogea nikitarajia kuona vurugu. Dakika nzima yule kijana hakufyatua hata risasi moja. Mtu wake alikuwa amejibanza nyuma ya kontena, naye ameinamisha kichwa kusikiliza hedifoni. Kisha tatu tatu tatu, adui chini, akahama pale upesi kama aliyeiba kuku. Nilizoea kusema michezo hii ni ya watu wasio na subira. Nilirudi nyumbani Sogea, hapahapa Tunduma, nikiwa sina uhakika tena.

Mpwa wangu ndiye aliyenipakulia. "Mjomba, bando lako litateketea," alionya, na alikuwa sahihi, ingawa kinachoteketeza bando ni kule kupakua na kusasisha zaidi kuliko kucheza kwenyewe. Dada yangu, mama yake, alikuwa na onyo la aina nyingine: "Mtu mzima na mvi zako, unaua watu kwenye simu?" Sikumjibu. Bado sina jibu linalomridhisha, wala sidhani swali lake ni la kipuuzi.

Siku ya kwanza niliua watu kumi na saba. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Mpwa alicheka hadi akakaa chini. "Mjomba, hao ni boti." Kumbe gemu humpa mgeni wapinzani wa mashine, wanaokimbia wima barabarani kama mbuzi wa mnadani, ili asikate tamaa mapema. Aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Sikuwa nimefyatua bunduki hata mara moja. Kuna namna mbili za kuchezea, na mgeni huchagua ile rahisi: wewe unaelekeza tu, ule msalaba wa katikati ya kioo ukimgusa adui, bunduki inajilipukia yenyewe. Namna ya pili inakupa kitufe. Usipokibonyeza, hakuna kinachotokea.

Mpwa akanibadilishia papo hapo. Kwa wiki mbili nilikufa kama inzi.

Bao ndilo lililonifumbua macho. Nililijifunza ujanani nilipofanya kazi Tanga, mashimo 32 na kete 64, kwa wazee wasiosamehe kosa. Sheria yake mojawapo ni kwamba ukiwa na cha kula, sharti ule. Huwezi kujifanya hujakiona. Unatakata pale tu ambapo huna mtaji, yaani unasogeza kete zako bila kuchukua za mwenzako. Bingwa wa bao hutumia sheria hiyo kukutega. Anakuachia kete mbili za kula hapa ili akufilisi kule. Namna rahisi ya gemu ni hivyohivyo, inakulazimisha kula. Namna ya kitufe imekuachia huru utakate hata pale penye chakula. Anayeanza hajui kwamba ana uhuru huo. Akimwona mtu, anamwaga risasi.

Na ukimwaga risasi umejitangaza. Kwenye kile kiramani cha pembeni unatokea nukta nyekundu, labda uwe umefunga kiziba sauti. Ukimkosa mmoja umewaita wanne. Ukimpata, linafuata kosa la pili, ambalo lilinichukua mwezi kuliacha: kujaza risasi baada ya kila mauaji, hata kama umetumia nane kati ya thelathini. Mkono unafanya wenyewe. Bunduki imefunguka tumboni, magazini ya zamani inaanguka, na ndugu wa marehemu anatokea mlangoni.

Mpwa alinifunza kwa njia ya ajabu. Aliniambia nicheze mara tatu mfululizo bila kufyatua kabisa, nisikilize tu. Juu ya bati nyayo hulia tofauti na juu ya saruji. Sikio la kushoto likisikia kabla ya la kulia, geuka kushoto kabla hujaona chochote. Baadaye akanipeleka uwanja wa mazoezi, nikasimama mbele ya ukuta mtupu. Bunduki ikilia mfululizo mdomo wake hupanda. Kidole kivutwe chini taratibu, kwa kadiri ileile, hadi matundu ya risasi ukutani yakusanyike mahali pamoja. Mwanzoni matundu yangu yalikuwa ngazi ya kwendea mbinguni. Ilikuwa Julai, na baridi ya Tunduma si ya kuchezea. Tuliota moto wa mkaa vidole vikipata uhai, tukapiga ukuta, tukaota tena. Usiku wa nne matundu yakatosha kufunikwa na sahani ya chai. Sikumwambia mtu, lakini nililala vizuri.

Kisha kuna lile ambalo hakuna mazoezi ya kulimaliza, nalo ni umbali. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo huenda takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na huko ndiko kwenye nyaya za chini ya bahari. Mashine inayosimamia mechi ikiwa umbali wa kilomita 8,000, habari ya kidole changu itatumia milisekunde 40 kwenda, na jibu 40 kurudi, hapo hujahesabu minara na mizunguko ya njiani. Siku nzuri kwangu kioo huonyesha namba ya milisekunde mia na kidogo. Siku mbaya huwa nyekundu na sitaki hata kuisoma. Maana yake ni kwamba ninamwona adui alipokuwa, si alipo. Wanaocheza karibu na mashine hawaijui shida hii. Sisi tunalazimika kufikia kona kabla ya adui na kumngoja aingie machoni petu. Subira hapa si tabia njema tu, ni hesabu.

Mpaka nao una vituko vyake. Nina mwenzangu upande wa Nakonde, dereva mstaafu, ambaye huwa kwenye timu yetu ya watu watano. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na wao husoma saa za kizungu. Mara ya kwanza alisema tuanze saa 20. Sisi tukaingia saa mbili usiku, tukamlaumu kwa uzembe, kumbe kwake ilikuwa ndiyo kwanza saa 19. Alipoingia sisi tumekwisha kufungwa mara mbili na mpwa wangu amenuna. Mbaya zaidi, ukikaa karibu na mpaka simu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo katikati ya mechi: saa inarudi nyuma yenyewe, bando la nyumbani halisomi, na mtu wako anasimama uwanjani kama sanamu, akisubiri kupigwa.

Kwa anayetaka kuanza, usinunue mavazi wala bunduki za rangi, hazikuongezei shabaha. Nunua hedifoni, hata za bei ya chini, za waya. Ondoa ile namna ya kujilipukia siku ya kwanza, ufe unavyokufa. Na ukikutana na mtu mwenye jina refu la maua na nyota ambaye hafyatui, usidhani kalala.

Wiki iliyopita nilijibanza nyuma ya kontena kwa sekunde arobaini hivi. Watu wawili walipita mbele yangu, nikawaacha. Wa tatu alikuwa nyuma yao akiwalinda. Nilikuwa nimezisikia nyayo zake juu ya bati. Nikamwangusha yeye kwanza. Wale wawili walipogeuka nilikuwa nimeshahama. Mpwa alikuwa akitazama kutoka kwenye simu yake, maana yeye alishakufa zamani. Hakusema kitu, aliongeza mkaa tu.

Tunacheza kila Ijumaa na nafasi moja iko wazi. Njoo saa mbili usiku, saa mbili ya upande huu.