Anayejua Upepo wa Ziwa Turkana

Banissa hatuna ziwa. Tuna silanga zinazojaa mvua ikinyesha na kukauka kiangazi kikikaza, tuna visima, na upande wa Malka Mari tuna Mto Daua, mpaka wetu na Ethiopia. Kwetu maji hupimwa kwa idadi ya ngamia watakaokunywa. Ziwa kubwa la kaskazini, Turkana, liko mbali, mpaka mtu apite Moyale na Marsabit, kisha ateremke mawe meusi ya Loiyangalani. Huko ndiko nilikomwona mtu ambaye ustadi wake nautamani hadi leo: mwelekezi wa wageni wanaokwenda kuvua sangara kwa mshipi.

Kazi yake huanza kwa kukataa. Upepo wa huko huteremka kwa nguvu kutoka Mlima Kulal usiku kucha na kuendelea asubuhi, na ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 250 hivi, kwa hiyo wimbi lina nafasi ya kukua. Mgeni aliyelipa pesa zake hutaka kuondoka alfajiri. Mwelekezi hutazama maji ya mbali, yale yanayoelekea Kisiwa cha Kusini, na akiona weupe wa povu humwambia kwa upole, "Mzee, tungoje kwanza." Haongezi neno. Mwaka 1934, wawili katika msafara wa mwanajiolojia Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda kisiwa hicho na hawakurudi, wala miili yao haikupatikana. Walikuwa wasomi wenye vifaa. Kungoja kwa mwelekezi ni elimu ambayo wao hawakuwa nayo, na mimi huihesabu kuwa sehemu ngumu kuliko zote za kazi hii, maana hakuna anayemshangilia mtu kwa safari ambayo hakuifanya.

Upepo ukilegea, boti hutoka. Hapo ndipo utamwona akifuata kitu ambacho wewe hukioni. Sangara mkubwa hupenda miamba, mahali ambapo kina hushuka ghafla na samaki wadogo hujibanza. Kutoka juu maji yote ni yale yale ya kijani, yenye magadi kidogo, ingawa samaki wake ni wa maji baridi. Mwelekezi hulinganisha alama za nchi kavu: ncha ya kilima hiki ikikaa juu ya jiwe lile, basi chini pana mwamba. Mchungaji wa Banissa atamwelewa mara moja, kwa sababu naye huipata njia ya kisima kwa kulinganisha mti na kichuguu katika bonde ambalo mgeni huona mchanga mtupu.

Kisha chambo huburutwa nyuma ya boti taratibu. Mwendo ukizidi, chambo hupanda juu. Ukipungua, hunasa mawe. Mkono wa mwelekezi kwenye injini hausimami, huongeza na kupunguza kwa kusikia tu. Kati ya ndoana na mshipi ameweka kipande cha waya, kwa ajili ya samaki wenye meno makali wanaoweza kukata uzi kabla hujajua kwamba umeguswa. Mambo madogo, lakini bila hayo hakuna samaki.

Sangara akishika, mgeni ndiye anayevuta, na picha itakuwa yake. Anayevua hasa ni yule aliyekaa nyuma. Hugeuza boti ili mshipi usisuguane na mwamba, humwacha samaki akimbie anapotaka kukimbia, na humhimiza mgeni alegeze pale ambapo kila msuli wake unataka kukaza. Sangara huweza kuwa mzito kuliko anayemvua: yule wa rekodi ya dunia ya uvuvi wa fimbo, aliyenaswa Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000, alikuwa na kilo 104. Samaki wa namna hiyo haletwi kwa nguvu. Huchoshwa, na kumchosha bila kukata uzi kunahitaji subira ya watu wawili, huku mmoja akimkopesha mwenzake ya kwake.

Ujuzi huu haukuletwa na watalii. Wael Molo, wenyeji wa ziwa hili, waliwavua sangara hawa tangu zamani kwa chusa na mishipi, wakiwa juu ya vyelezo vya magogo ya mikoma, vyombo ambavyo maji hupita katikati yake na mvuvi hukaa akiwa amelowa. Aliyejifunza kusimama juu ya chelezo na kulenga chusa hahitaji kufundishwa na yeyote namna samaki anavyogeuka.

Na ziwa halimwachi mwelekezi apumzike na anachokijua. Sehemu kubwa kabisa ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na hupanda na kushuka. Yalipopanda miaka ya karibuni, yalifunika njia ya nchi kavu iliyokuwa ikifika kijiji cha Komote cha Wael Molo, kijiji kikawa kisiwa. Mawe yaliyokuwa alama ufuoni yamezama, na kina cha jana si cha leo. Kwa hiyo mwelekezi anaanza tena: hupita polepole bila mgeni, upondo mkononi, akipapasa chini, na kila mwamba anaoupata huutafutia kilima kipya cha kuulinganisha nacho.