Famicom Disk System: Kifaa Kipya Kilichojifunza Kungoja

Kinachoiua Famicom Disk System, kiendeshi cha diski cha mashine ya gemu ya Famicom, ni mkanda mdogo wa raba. Umefichwa ndani ya kiendeshi, ukiunganisha mota na kitovu kinachozungusha diski. Raba iliyotoka nayo kiwandani hulainika kadiri miaka inavyopita, ikawa utomvu mweusi unaonata kwenye puli na kwenye vidole vya fundi. Hapo mota hulia bure na diski haisogei. Chipu ni nzima, waya ni nzima, diski yenyewe huenda bado inasomeka, lakini gemu haifunguki.

Kuvalisha mkanda mpya ni kazi nyepesi. Kazi nzito huja baadaye, kwa sababu kitovu kikiguswa, ule ulinganifu uliowekwa kiwandani kati ya mzunguko wa diski na mahali kichwa cha kusomea kinapoanzia safari unavurugika. Fundi hulegeza skrubu, husogeza kitovu kiasi cha unywele, hukaza, hujaribu. Kikikataa, anaanza upya. Vipuri halisi havitengenezwi tena, na kila mwaka idadi ya viendeshi vinavyofanya kazi inapungua.

Ndiyo maana wahandisi wa kujitegemea wamebuni vifaa vya kukiondoa kiendeshi chote na kukaa mahali pake. Viwili vinavyojulikana sana ni FDSStick, cha mbunifu anayetumia jina la loopy, na FDSKey, cha mbunifu anayetumia jina la Cluster. Havina mota, havina sumaku, havina mkanda. Vinaenea kiganjani, na data yake imo katika chipu ya flashi au memori kadi. Swali linalostahili kuchambuliwa ni hili: kifaa kama hicho kinawezaje kukubaliwa na mashine ya mwaka 1986 isiyojua chochote kuhusu memori kadi? Jibu langu ni kwamba kimefaulu kwa sababu wabunifu wake waliheshimu mwendo wa polepole wa kiendeshi cha zamani kuliko walivyoitamani kasi ya teknolojia mpya.

Diski iliyotoka Mitsumi

Nintendo iliiuza Famicom nchini Japani kuanzia Julai 1983. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliijua kupitia nakala zake za Kichina zilizojaa madukani miaka ya 1990. Katriji zake zilikuwa na chipu za bei ghali na nafasi ndogo: Super Mario Bros. yote ilikuwa kilobaiti 40. Tarehe 21 Februari 1986 kampuni ikaleta Disk System kwa yeni 15,000. Diski yake ilibeba zaidi ya kilobaiti 100 kwa pande mbili, na iliweza kuandikwa upya. Mteja alikwenda nayo dukani, akalipa yeni 500, akaondoka na gemu nyingine kwenye diski ile ile. The Legend of Zelda ilitoka siku hiyo hiyo ya uzinduzi, na mchezaji aliweza kuhifadhi safari yake kwenye diski bila betri ndani ya katriji. Zaidi ya mashine milioni 4 ziliuzwa, na huduma ya kuandika diski ilidumu hadi 2003.

Ili bei ishuke, Nintendo ilitumia teknolojia ya Mitsumi iitwayo Quick Disk. Diski ya kawaida ya kompyuta ina njia nyingi za duara, na kichwa huruka kutoka njia moja hadi nyingine. Quick Disk ina njia moja tu, iliyojiviringisha kutoka ukingoni hadi ndani kama mfuo wa santuri. Mota moja inazungusha diski na wakati huo huo inakivuta kichwa. Kichwa kikifika mwisho, kinarudi mwanzo. Katikati ya safari hakuna kuruka wala kurudi nyuma. Faili ikiwa mwishoni mwa upande, lazima kichwa kipite juu ya kila kitu kilichoitangulia, safari inayochukua takriban sekunde 7.

Mpaka wenye pini 12

Kitu cha kwanza walichofanya wabunifu wa vifaa vipya ni kutafuta mpaka. Disk System ina sehemu mbili. Kuna kiendeshi, na kuna RAM Adapter, katriji kubwa nyeusi inayochomekwa kwenye Famicom. Ndani ya RAM Adapter mna kilobaiti 32 za RAM kwa ajili ya programu, kilobaiti 8 kwa ajili ya picha, kilobaiti 8 za BIOS (programu ya kuanzishia mashine), na chipu ya RP2C33 inayosimamia diski na kuongeza sauti moja kwenye muziki wa mashine. Kati ya sehemu hizi mbili kuna kebo moja yenye plagi ya pini 12. Kila ambacho mashine inajua kuhusu diski kinapita hapo. Kifaa kikiweza kuzungumza sawasawa kwenye pini hizo 12, Famicom haina njia ya kujua kama upande wa pili kuna mota au hakuna.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. RAM Adapter inaamuru: anza kusoma, simamisha mota, andika. Kiendeshi kinajibu: diski imo, diski inaruhusu kuandikwa, mota inazunguka na betri ina nguvu, kichwa kimefika mwanzo na kiko tayari. Kisha kuna waya mmoja wa data inayotoka na mmoja wa data inayoingia.

Tazama hilo la betri. Kiendeshi cha asili kilitumia betri 6 kubwa au adapta ya umeme, na nguvu ikishuka BIOS iliandika Err.02 kwenye skrini. Kifaa kipya hakina betri hata moja. Kinakula volti 5 zinazokuja kwenye kebo hiyo hiyo. Hata hivyo ni lazima kiseme, kila wakati, kwamba betri ni nzima. Asiyejua hili atajenga kifaa chenye data safi kabisa na bado mashine itagoma.

Kwa nini kasi haisaidii

Memori kadi ya leo inaweza kutoa upande mzima wa diski hii kwa kufumba na kufumbua. Mtu wa kawaida angetarajia gemu zifunguke papo hapo. Hazifunguki hivyo, na sababu imo ndani ya hesabu.

Data hutoka kwenye diski kwa kasi ya biti 96,400 hivi kwa sekunde. Biti hizo hazisafiri kama volti ya juu na ya chini tu. Maana yake imo katika nafasi kati ya pigo na pigo, yaani takriban mikrosekunde 10, 15 au 20. RP2C33 inapima nafasi hizo, inakusanya biti 8 kuwa baiti, kisha inaikatiza prosesa ije kuichukua. Baiti moja hufika kila mikrosekunde 83. Prosesa ya Famicom, inayokwenda megahezi 1.79, katika muda huo ina hatua zisizofika 150 za kuacha ilichokuwa ikifanya, kuisoma baiti, kuiweka mahali pake na kujiandaa kwa inayofuata. Ukiharakisha mapigo, chipu ya kupimia inapoteza mwelekeo na prosesa inapitwa na baiti. Kwa hiyo mikrokontrola ya kifaa kipya, ambayo ina nguvu kuliko Famicom yenyewe, hutumia sehemu kubwa ya muda wake kuhesabu na kungoja wakati wa pigo lijalo.

Jambo la pili ni nafasi tupu zilizomo kati ya data. Upande wa diski umegawanywa kwa vitalu: utambulisho unaoanza na maneno *NINTENDO-HVC*, idadi ya faili, maelezo ya utangulizi ya kila faili, kisha faili yenyewe. Kabla ya kitalu cha kwanza kuna sufuri takriban 28,300, sawa na karibu theluthi moja ya sekunde. Kati ya kitalu na kitalu kuna sufuri 976 hivi, kama milisekunde 10. Sufuri hizo huipa chipu muda wa kushika mdundo, na prosesa muda wa kujipanga. Biti moja yenye thamani ya 1 hutangaza kwamba kitalu kinaanza, na mwishoni hufuata biti 16 za kuhakiki makosa.

Sasa, faili za .fds ambazo watu wengi wanazo zina baiti 65,500 kwa kila upande, na ndani yake hamna sufuri hizo, hamna biti ya kuanzia, hamna biti za kuhakiki. Waliozitengeneza walibakiza data peke yake. Kifaa kikizisukuma kama zilivyo, BIOS haielewi chochote. Kwa hiyo lazima faili ichambuliwe, urefu wa kila kitalu usomwe, hesabu ya kuhakiki ikokotolewe upya, na nafasi tupu zirudishwe kila moja mahali pake. Kwangu mimi, hii ndiyo kazi iliyo bora kuliko zote katika vifaa hivi: kurudisha kitu ambacho wahifadhi wa mwanzo walidhani hakina thamani.

Kutoa diski isiyokuwepo

Gemu nyingi hufika mahali zikamtaka mchezaji ageuze diski, kutoka upande A kwenda B. Mashine haisubiri kitufe cha kidhibiti. Inatazama ishara ya kuwepo kwa diski izimike, kisha iwake tena. Kifaa kipya kikibadilisha data kimyakimya, gemu itaendelea kungoja milele. Kwa hiyo mchezaji anapobonyeza kitufe cha kifaa, ishara hiyo huzimwa kwa muda, kana kwamba mkono umeichomoa diski, kisha huwashwa ikiwa na upande mpya.

Kuhifadhi mchezo ni kugumu zaidi. Data inakuja kwa mapigo, na ni lazima itafsiriwe papo hapo huku kifaa kikijua hasa kiko sehemu gani ya upande. BIOS ikimaliza kuandika, husoma tena ili ihakikishe. Chipu ya flashi nayo hufutwa kwa vipande vikubwa kabla ya kuandikwa upya, hivyo kuna kitambo kati ya mashine kuridhika na data kukaa salama. Mwenye kifaa cha aina hii asizime umeme mara tu baada ya kuhifadhi.

Ni vizuri kulinganisha na Dreamcast ya Sega ya mwaka 1998. Kiendeshi chake cha GD-ROM huzungumza kwa maombi: mashine huomba sekta fulani, kiendeshi huijibu. Ndiyo maana GDEMU, kifaa kinachokaa mahali pa kiendeshi hicho, kinaweza kujibu bila kungoja kichwa kisafiri juu ya diski. Quick Disk haiulizwi swali. Inamwaga kila ilicho nacho tangu mwanzo hadi mwisho, na mashine inachukua inachohitaji. Anayetaka kuikwepa foleni hiyo hana budi kuivuka RAM Adapter yenyewe, kama ifanyavyo katriji ya EverDrive N8 inayoiga diski, RAM na hata sauti ya ziada kwa kutumia FPGA, chipu inayoweza kupangwa upya. Ni njia halali, lakini hapo unakuwa umebadilisha nusu ya mashine.

Hukumu yangu ni kwamba FDSStick na FDSKey zimechagua mpaka sahihi. Zimeondoa sehemu inayooza na kuziacha chipu za Nintendo zifanye kazi zilizoundiwa. FDSKey imekwenda mbele zaidi kwa kutoa michoro na programu yake wazi, ili fundi yeyote aweze kuitengeneza au kuirekebisha hata mbunifu akiacha. Kwa mwenye Disk System nyumbani, naomba jambo moja: usitupe kiendeshi cha zamani baada ya kufunga kipya. Kibadilishie mkanda, kipange, kisha kitumie kusoma diski zako na kuzinakili zikiwa bado hai, maana data iliyofutika kwenye sumaku hakuna kifaa kitakachoirudisha.