"Uso Unaopenda Maji": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Sayansi ya Polima

Kuuita uso wa polima "unaopenda maji" ni tafsiri sisisi ya maneno mawili ya Kigiriki, maji na upendo. Istilahi hiyo hukumbukwa upesi. Kasoro yake ni kwamba kupenda ni tabia. Msomaji hujengewa picha ya uso uliozaliwa hivyo na utakaobaki hivyo.

Maabara huonyesha vingine. Polidimethilisiloksani ni mpira wa silikoni unaotumiwa sana kutengenezea vifaa vya mifereji midogo, yaani vipande vyenye vijia vyembamba kama unywele ambamo tone la damu hupita na kupimwa. Kwa asili mpira huo huyakataa maji: tone hukaa juu yake kwa pembe ya mguso ya takriban digrii 110, na pembe ikizidi 90 maji hayaingii mferejini yenyewe. Ukipitishwa katika plazma ya oksijeni, pembe hushuka sana na tone hutandaa. Ukiachwa hewani, minyororo mifupi ya silikoni hupanda kutoka ndani na kuufunika uso. Baada ya saa au siku chache ule "upendo" umefifia. Joto huharakisha mabadiliko hayo. Kuuhifadhi ndani ya maji huyachelewesha, na kuupaka polivinili alkoholi huweza kurefusha muda zaidi. Karatasi, ambayo kundi la George Whitesides wa Harvard liliigeuza kifaa cha aina hii mwaka 2007, haina taabu hiyo, kwani selulosi hulowa kwa asili yake.

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Kipande kilichotoka kiwandani kikiwa kizuri kinaweza kuifikia kliniki ya Kamwokya, Kampala, baada ya miezi ya meli, lori na ghala. Muuguzi aliyesoma katika kijitabu kwamba uso "unapenda maji" hana sababu ya kukishuku kifaa tone linaposimama mlangoni mwa mfereji. Atashuku damu, au mkono wake mwenyewe, na mgonjwa atachomwa kidole mara ya pili. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, uandishi wa vijitabu hivyo si jambo la kuahirishwa.

Kitenzi kinachofaa kipo: kulowa. Mzungumzaji wa Kiganda anacho kwake, okutoba. Litapingwa kwamba kulowa ni kufyonza, ilhali silikoni haifyonzi maji. Lakini jiwe nalo hulowa kwa mvua bila kuyanywa. Faida kubwa iko katika sarufi. "Karatasi hulowa" hutaja asili. "Silikoni imefanywa ilowe" hutaja kazi ya mtu. "Je, ingali inalowa?" ndilo swali la muuguzi, na mahali pake ni kando ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Kamusi yaweza kubaki na "kupenda maji" kwa mwanafunzi wa kemia, ilimradi ieleze kwamba katika polima nyingi hali hiyo hutiwa, na hupungua.