Kathedrali na ngoma

Wengi wanazani kathedrali ni kanisa lenye kupita mengine kwa ukubwa. Hapana. Jina linatoka kwa kathedra, ni kusema kiti cha askofu. Kiti kikihama, hata minara iwe mirefu namna gani, linabaki kanisa tu.

Tuangalie ile ya Watakatifu Petro na Paulo ya Lubumbashi, ya matofali, iliyojengwa mwanzo wa miaka ya 1920, wakati wa Monsinyori de Hemptinne, Mbenedikto wa Ubelgiji. Watu wanailaumu juu ya sura yake ya Kizungu. Mimi, ukuta haunisumbui. Shida iko ndani: nyumba ndefu, iliyopangwa kwa watu wa kukaa kimya na kuangalia mbele. Na tangu 1988 Roma ilikubali misa ya majimbo ya Zaire: mababu wanaitwa mwanzoni, na kwa Utukufu padri na wasaidizi wanacheza kuzunguka altare. Na wakristo, wao wanacheza wapi? Katikati ya mabenchi, bega kwa bega, sawa vile ndani ya basi. Kutundika kinyago ukutani hakutoshi. Altare isogezwe kati ya watu, mabenchi yapunguzwe, na kiti cha askofu kikae mahali tutamwona naye akicheza.