Kicheko Kando ya Mgonjwa: Juu ya Mapokezi ya "Supa Modo"

Filamu ya Likarion Wainaina, Supa Modo, ilionyeshwa Berlin mwaka 2018, na mwaka huo huo ikateuliwa kuiwakilisha Kenya katika kuwania tuzo ya Oscar. Wahakiki wengi waliisifu kuwa ni filamu ya watoto yenye kuliwaza. Sifa hiyo ni haki, ila ni nusu ya haki.

Ucheshi wake ni mchungu. Jo, mtoto wa miaka 9, ana maradhi yasiyoponyeka. Dada yake, Mwix, anamhadaa kwamba ana nguvu za mashujaa wa sinema, kisha anawashawishi wanakijiji washiriki hadaa hiyo. Tunacheka kwa kuwa tunajua asichoambiwa Jo. Hicho ni kinaya, wala si liwazo. Mama mtu anataka bintiye apumzike kitandani. Je, nani mwenye mtoto? Mwix hamchezeshi mdogo wake tu, bali anaikimbia hofu yake mwenyewe, na hapo ndipo mhakiki angalipaswa kutua.

Kucheka penye kifo si uzushi wa sinema. Kutoka Isebania, tuandikapo tahakiki hii, ni hatua chache tu hadi Sirari. Na huko Tanzania, katika jamii kadhaa, mtani huja matangani akamwiga marehemu, wafiwa wakacheka huku wanalia. Lakini mtani hungoja kifo kipite. Mwix hangoji, na mzaha wake wamhitaji mgonjwa mwenyewe aucheze.