Neno "Kutaifisha" na Mali ya Mhalifu

Aghalabu magazeti yetu hutuarifu kwamba mali ya mtu aliyetiwa hatiani "imetaifishwa". Neno hili limezoeleka hata ofisini. Hata hivyo halifai kwa kazi hiyo, na madhara yake si ya lugha peke yake.

Kutaifisha kulipata maana mahususi mwaka 1967, mabenki yalipowekwa mikononi mwa umma kufuatia Azimio la Arusha. Mwenye mali hakuwa ametenda kosa. Ibara ya 24 ya Katiba hulitumia neno katika maana hiyohiyo, na kudai fidia inayostahili. Sheria ya mwaka 1991 kuhusu mali itokanayo na uhalifu ina shabaha nyingine: kumnyima mhalifu faida na nyenzo za kosa lake. Hapo hapana fidia. Neno moja likibebeshwa mambo haya mawili, raia atauliza kwa haki: fidia i wapi?

Zaidi ya hayo, neno hili hufuta ngazi za sheria. Mali hukamatwa, au huzuiwa isiuzwe. Ndipo mahakama huamua. Tumchukulie mkazi wa Mlangali, wilayani Ludewa, aliyekodisha lori lake, na aliyelikodi akapakia magendo. Lori likishikwa, jirani husema "limetaifishwa". Mwenyewe akiamini hivyo, atakata tamaa. Kumbe limekamatwa tu, na sheria inampa nafasi ya kufika mahakamani kuthibitisha kwamba lori ni lake na kwamba hakushiriki katika kosa. Kinga ipo, ila neno limeificha.

Je, tutumie neno gani? "Kunyang'anya" hapana budi tuliachie unyang'anyi, ambao wenyewe ni jinai. "Kufilisi" hugusa mali yote ya mtu, ilhali sheria hulenga ile tu iliyohusika na uhalifu. "Kutwaa" pekee hutukumbusha utwaaji ardhi, wenye fidia. Napendekeza *utwaaji kwa hukumu*: maneno mawili ya mwisho yanatamka sharti lenyewe, kwamba bila hukumu mali haiendi.

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama, istilahi legevu si dosari ya mfasiri tu. Yaweza kumgharimu mtu lori lake.