Banjo na Mshipi wa Mvuvi: Je, Mila Inakaa Ndani ya Uzi?

Katika sherehe moja ya utamaduni hapa Uvira, tulimuona kijana akikatazwa kupanda jukwaani na banjo yake. Mwili wake ulikuwa bidoni ya mafuta, shingo ya mti, na nyuzi nne za mshipi wa nailoni, ule ule ambao wavuvi wa Kalundu wanafungia ndoana. Mkubwa mmoja wa kamati akasema: "Ile haiko banjo, iko kamba ya samaki tu." Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, na tunataka kueleza sababu.

Mkubwa yule alitaka nyuzi za chuma, ati ndizo za banjo ya kweli. Kumbe banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari, na kwa muda mrefu ilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Chuma kilikuja nyuma. Hata gitaa la Andrés Segovia, fundi mkubwa wa Hispania, liliacha utumbo na kufungwa nailoni katika miaka ya 1940. Hakuna aliyemwambia kwamba anapiga kamba ya samaki!

Tena kuna hesabu. Chuma ni kizito karibu mara saba kuliko nailoni. Kwa unene na urefu ule ule, nailoni inatoa sauti ile ile ikikazwa kwa nguvu ya sehemu moja tu kati ya saba. Ndiyo maana shingo ya mti mwepesi haipindi, na bidoni haibonyei. Kijana hakuchagua kwa umaskini peke yake. Alichagua kwa akili.

Lakini tusimsifu bule. Wengine walimtetea kwa huruma: "Maskini, anajikaza." Huruma hiyo nayo ni dharau. Tulimsikiliza pembeni, chini ya mwembe, na kosa lake tuliliona: nyuzi zote nne zilikuwa za unene mmoja. Ule wa sauti nzito ulilegea hadi ukapigapiga shingo, na ule wa juu ulikazwa karibu kukatika. Mvuvi hafanyi hivyo. Kwa sangala mkubwa anachukua mshipi mnene, kwa samaki mdogo mwembamba. Pia nailoni mpya inajivuta na fundo linateleza. Inafaa kuikaza siku mbili tatu kabla ya sherehe. Hayo ndiyo kamati ingepaswa kumwambia.

Wazee wetu wa inanga, ng'ambo ya Ruzizi kule Burundi, walifunga mishipa ya ng'ombe kwa sababu ng'ombe walikuwa karibu. Mwimbaji ananong'ona, na nyuzi zinatoa sauti ya chini inayobeba mnong'ono ule hadi unausikia kama wimbo. Uzuri wake uko katika kusikilizana kwa mdomo na mkono. Ukifunga uzi unaopiga kelele, mnong'ono unamezwa, hata kama chombo ni cha kale kabisa.

Basi mila haikai ndani ya uzi, inakaa ndani ya sikio. Sisi watu wa ziwa, mshipi uko karibu nasi kama ng'ombe walivyokuwa karibu nao. Tunaomba kamati zetu jambo moja: kwanza zisikilize, kiisha zihukumu. Kijana akikataliwa kabla hajapiga hata noti moja, kesho atauza bidoni yake, na sisi tutabaki tukilia kwamba vijana wameacha mila.